Kisu cha haispidi kinakata mwanzo, kisha kinasugua

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine ndogo ya kukereza ya Kichina, ile ya mezani, nimeifunga stoo nyuma ya nyumba hapa Morogoro. Natengeneza pini na bushi za matoroli na pikipiki. Natumia visu vya haispidi (chuma kigumu cha kukatia kinachostahimili joto) vya milimita 8 na nanoa mwenyewe kwa grainda ya mezani. Kisu kikitoka kwenye jiwe kinakata vizuri chuma cha milimita 25, lakini nikishuka hadi 12 au 10 kinaanza kusugua, kazi (kile kipande ninachokereza) inapata moto, na uso unatoka umechanikachanika. Nikikereza uso wa mbele wa kazi kinagoma kabla ya kufika katikati na kuacha kinundu. Nanoa tena, yaleyale. Nusu ya kisu imeshaisha kwa kunoa. Tena kimegeuka buluu kwenye jiwe, nadhani nimekiua. Fundi mmoja aliniambia kisu kikae juu kidogo ya senta, yaani mhimili ambao kazi inauzunguka, mwingine anasema niachane na haispidi ninunue kabaidi, ile metali ngumu zaidi. Nimsikilize nani? Na kwa macho nitajuaje kwamba kisu kimenoleka?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Zima grainda kwanza, maana kila ukirudi kwenye jiwe unakula chuma kizuri bila sababu. Kisu chako hakijaisha makali. Ushahidi umeuandika mwenyewe: kinakata kwenye 25, kinasumbua kwenye 10, kinagoma kabisa karibu na katikati ya uso. Kisu butu hakichagui unene wa kazi. Kisu kinachochagua unene kina kasoro katika namna kilivyokaa, au katika namna kilivyochongwa chini ya makali, na mara nyingi ni vyote viwili.

Uso wa mbele wa kisu, kuanzia kwenye ncha kushuka chini, lazima uinamie nyuma ili usiiguse kazi. Kinachotakiwa kugusa chuma ni makali peke yake. Mwinamo huo nitauita pembe ya nafasi. Kwa chuma laini, digrii 8 hadi 10 zinatosha. Ncha ikikaa sawasawa na senta ya mashine, digrii ulizochonga ndizo unazozipata. Ncha ikipanda juu ya senta, tumbo la kazi linajitokeza mbele chini yake na kuila ile nafasi, na kadiri kazi inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyoliwa zaidi. Chukua ncha iliyo juu ya senta kwa nusu milimita tu. Kwenye chuma cha milimita 25 unapoteza digrii 2 na kidogo. Kwenye 12 umepoteza karibu 5. Kwenye 10 zinakaribia 6. Sasa kama kwa jicho ulichonga digrii 5 ukidhani ni 10, jambo ambalo nimeliona kwa karibu kila anayejifunza kunoa, basi ukifika milimita 10 makali hayagusi chuma tena. Kinachogusa ni shavu la kisu lililo chini yake. Ndiyo maana kazi inapata moto na kung'aa. Ukikereza uso wa mbele wa kazi, kipenyo kinakwenda kuwa sifuri, kwa hiyo hakuna pembe itakayokuokoa: kisu kilicho juu ya senta lazima kigome kabla ya katikati.

Fundi aliyekwambia ukae juu kidogo hakukudanganya. Kwenye mashine kubwa, na shafti ya milimita 100, nusu milimita inaiba kama nusu digrii tu, na kisu chenyewe kinapobonyezwa na mzigo kinashuka na kurudi kwenye senta. Kwake ni ushauri mzuri. Kwa pini yako ya milimita 10 ni sumu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima kimo cha kisu. Funga kipande cha chuma cha mviringo kilichonyooka kwenye chaki (kile kibano kinachoishika na kuizungusha kazi), mashine ikiwa imezimwa kabisa. Chukua rula nyembamba ya chuma, ile ya milimita 150, iweke wima kati ya ncha ya kisu na kazi, kisha sogeza kisu polepole mpaka rula ibanwe kwa wepesi na isimame yenyewe. Ikisimama wima, ncha iko kwenye senta. Sehemu ya juu ya rula ikilalia upande wako, ncha iko chini. Ikilalia upande wa pili, mbali nawe, ncha iko juu. Kwa kazi nyembamba rula inainama sana hata kwa kosa dogo, kwa hiyo tumia kipande chembamba kupimia, si kile cha 25.

Kurekebisha, weka vipande vyembamba chini ya kisu. Ubapa wa msumeno wa chuma uliosagwa meno una unene wa karibu milimita 0.65, na ukuta wa kopo la soda la aluminiamu ni karibu 0.1. Kwa hivyo viwili unaweza kufika kimo chochote. Vikate viwe na urefu wa kisu chote kinacholala kwenye kishikio, la sivyo kisu kitabinuka ukikaza skrubu na vipimo vyako vyote vimeharibika. Ukishapata kimo, kereza uso wa mbele wa kazi kwa kina kidogo sana uone. Kikibaki kijiti kidogo katikati chenye kingo safi, ncha bado iko chini, na kosa lake ni nusu ya kipenyo cha kijiti hicho: kijiti cha milimita 1 maana yake inua kisu kwa 0.5. Kikibaki kikoni kilichosuguliwa kikang'aa, ncha iko juu. Uso ukitoka bapa mpaka katikati, kaza na usiguse tena.

Sasa tuje kwenye pembe yenyewe, kwa sababu hapa ndipo macho hudanganya zaidi. Watu wengi hushika kisu mkononi, hukiinua kwenye mwanga, na kusema "hii ni digrii 10". Mimi sina imani na jicho langu kwa jambo hili, na sioni kwa nini wewe uwe na imani na lako. Pata kipande cha kioo cha dirisha, skwea ndogo, biti ya drili ya milimita 1 na nyingine ya 1.5. Laza kisu kwenye kioo, makali juu kama kinavyokaa kwenye mashine. Sogeza skwea wima mpaka iguse ncha. Kwa kisu cha kimo cha milimita 8, pembe ya digrii 8 inaacha mwanya wa milimita 1.1 pale chini, kati ya kisu na skwea, na digrii 10 zinaacha 1.4. Basi ingiza shina la biti ya milimita 1 kwenye mwanya huo, likiwa limelala juu ya kioo. Likipita, na la 1.5 likikataa, pembe yako iko katika kiwango kinachofaa. La 1 likikataa, hiyo ndiyo sababu ya kisu kusugua. Yote mawili yakipita, umechonga kupita kiasi: kitakata, lakini makali hayana mgongo wa kuyashikilia na yatamegeka mapema. Fanya hivyohivyo upande wa kushoto wa kisu, kwenye makali yanayokwenda upande wa chaki.

Usiiondoe skwea upesi. Weka tochi ya simu nyuma yake na uangalie mahali inapogusa. Inatakiwa iguse juu kabisa, kwenye makali, na mwanga uonekane kuanzia hapo mpaka chini. Ukiona mwanga unapita juu na giza liko katikati au chini, basi shavu limejitokeza kuliko makali. Hilo hutokea pale mtu anapoyumbisha kisu kwenye jiwe, anachonga sehemu ya juu kwa pembe moja na ya chini kwa pembe nyingine, uso unakuwa na tumbo. Unaweza kukinoa kisu cha namna hiyo hadi kesho na hakitakata.

Hapo sasa ndipo tunaangalia makali yenyewe. Unahitaji lenzi ya kukuza mara 10, kama wanayotumia mafundi saa. Ukiiweka mbele ya kamera ya simu unapata picha ambayo unaweza kuikuza na kuilinganisha na ya wiki ijayo. Lakini kabla ya lenzi, tumia mwanga tu. Simama chini ya taa moja, shika kisu makali yakikutazama, kiviringishe taratibu. Makali yaliyonoleka hayana upana, kwa hiyo hayarudishi mwanga. Unaona nyuso mbili zinakutana na katikati hakuna kitu. Ukiona uzi mweupe unaometa kwenye mstari wa makali, hicho ni kibapa kidogo, nacho ndicho ubutu. Kikiwa kimekatika hapa na pale kama nukta, makali yamemegeka. Kisha gusisha makali kwenye ukucha wa dole gumba, kwa kulaza, bila kukandamiza. Makali mazuri yanang'ata ukucha na kukataa kuteleza. Mabovu yanateleza.

Kwa lenzi angalia sehemu tatu. Shavu la chini ya makali kwanza: kisu kinachofanya kazi hujenga mkanda unaong'aa unaoanzia kwenye makali kushuka chini. Huo ni uchakavu wa kawaida. Viwandani, mkanda ukifika wastani wa milimita 0.3, yaani unene wa karatasi tatu za kawaida, kisu kinahesabiwa kimekwisha. Nyumbani usisubiri huko. Ukiuona ukiwa 0.1, jiwe la mkono linaurekebisha kwa dakika mbili. Ukiuacha ufike 0.3 lazima urudi kwenye grainda. Halafu angalia ncha, maana ndiyo inayochoka kwanza na ndiyo inayoacha alama kwenye kazi. Mwisho angalia juu ya kisu, nyuma kidogo ya makali, pale maranda ya chuma yanapopanda. Huko unaweza kukuta kibonge cha chuma kimejibandika, chenye rangi ya kazi yako na si ya kisu. Watu hukiona wakadhani kisu kimemomonyoka, kumbe kimeongezewa nyama.

Nadhani kibonge hicho unacho, na ndicho kinachokuchania uso. Chuma laini kikikatwa polepole hupenda kujibandika kwenye ncha. Kibonge kinakua, kinakata badala ya makali, kisha kinang'oka na kwenda na kipande cha uso wa kazi, na mara nyingine na kipande cha makali. Hukutaja kasi yako, ila watu wengi wa mashine ndogo huweka kasi moja asubuhi na kuiacha. Kwa haispidi na chuma laini, kasi ya kukatia ni karibu mita 25 kwa dakika. Gawanya 8,000 kwa kipenyo cha kazi kwa milimita, utapata mizunguko kwa dakika: kazi ya 25 inataka 320, ya 10 inataka 800. Ukibaki kwenye 320 mpaka ufike 10, kasi yako imeshuka hadi mita 10 kwa dakika, na hapo kibonge kinajenga kwa raha zake. Ongeza mizunguko kadiri unavyoshuka, na tumia brashi kupaka mafuta ya kukatia. Ila usipitilize. Kwa haispidi, kuongeza kasi kwa asilimia 10 tu hupunguza uhai wa makali kwa kama nusu. Huo ni uhusiano mkali, na ndio unaoua visu vingi kuliko chuma kibaya.

Kuhusu buluu, lala usingizi. Kisu cha chuma cha kaboni, kama tupa ya zamani iliyochongwa kuwa kisu, kikifika buluu kimekwisha, maana rangi hiyo inatokea kwenye nyuzi 300 hivi na ugumu wake umeshaondoka. Haispidi ni jamii nyingine. Ina tungsteni, molibdeni, kromu na vanadi, na kiwandani inapitishwa kwenye joto la karibu nyuzi 550 ndipo inapata ugumu wake kamili. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, kampuni ya Bethlehem Steel ya Marekani ilionyesha visu vya namna hii vilivyotokana na kazi ya Frederick Taylor na Maunsel White. Wageni waliona maranda yakitoka ya buluu kwa joto na kisu kikiendelea kukata. Kwa hiyo buluu ya juujuu haikukiua chako. Kinachoweza kukiharibu ni kukiacha kiwe cha moto sana halafu ukakitumbukiza kwenye maji kikapiga kelele. Hapo vinatokea vijiufa ambavyo huvioni, na makali yanamegeka vipandevipande bila wewe kujua kwa nini. Ama kichovye mara kwa mara kikiwa bado kinashikika kwa vidole, ama kiweke pembeni kipoe chenyewe. Usichanganye.

Kama kinapata buluu kwa haraka, basi jiwe lako limeziba. Liangalie grainda ikiwa imezimwa: uso ukiwa laini na unang'aa, chembe zake zimechoka na linasugua badala ya kukata. Lichonge upya kwa kifaa cha almasi cha kuchongea mawe, pasi nyepesi, mpaka uso uwe bapa na wenye ukwaru. Mawe ya kijivu yanayokuja na grainda, moja la namba 36 ya chembe na jingine la 60 (namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo), yanafaa kwa kuanzia. La 36 ni la kuondoa chuma kingi, si la kumalizia. Ukipata jiwe jeupe la 80 au 100 utaona tofauti siku hiyohiyo. Na jiwe unalonolea visu usilinolee aluminiamu wala shaba, zinaliziba.

Kabla sijaendelea, usalama, kwa ufupi. Jiwe jipya lininginize kwa kidole kwenye tundu lake na uligonge kwa mpini wa mbao: likilia kwa sauti safi ni zima, likitoa sauti ya kufa litupe. Mizunguko iliyoandikwa kwenye jiwe isiwe pungufu ya ile ya grainda. Meza ya kuegemezea iwe ndani ya milimita 3 kutoka kwenye jiwe, ili kisu kisivutwe katikati. Ukiwasha, simama pembeni kwa dakika moja. Miwani siku zote, glavu za kitambaa hapana, na usinolee kwenye ubavu wa jiwe la kawaida.

Kunoa kwenyewe sasa. Kisu cha kukereza kuelekea chaki kina makali upande wa kushoto. Anza na uso huo: inamisha meza ya grainda, au inamisha kisu, ili jiwe lile zaidi chini kuliko juu, na upelekepeleke kisu kushoto na kulia bila kuyumba. Endelea mpaka mstari mpya wa kunoa ufike juu kabisa kwenye makali. Cheche zikianza kupita juu ya kisu badala ya kwenda chini zote, umefika. Kisha uso wa mbele, kwa pembe ileile, ukiukata kwa mshazari ili ncha iwe na pembe ya kama digrii 80 ukiitazama kutoka juu. Uso wa juu ndio wa mwisho. Unauchonga uteremke kutoka kwenye makali ya kushoto kwenda kulia, digrii 12 hadi 14 kwa chuma laini. Mteremko huu ndio unaofanya kisu kikate kwa wepesi, na mashine yako ndogo inauhitaji kuliko mashine kubwa kwa sababu haina nguvu za kulazimisha. Uchonge mara moja, vizuri, kisha uache. Kila unaponoa juu unashusha ncha, na unarudi kwenye habari ya vipande vya kopo la soda. Ukinoa upya, noa shavu la mbele na la kushoto tu.

Ncha usiiache kali kama sindano. Izungushe kidogo kwa jiwe la mkono mpaka ipate duara la nusu kipenyo cha kama milimita 0.4. Kisu kinaacha vituta kwenye kazi, na kimo cha vituta hivyo unaweza kukihesabu: mwendo wa kisu kwa kila mzunguko, uuzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara 8 ya nusu kipenyo cha ncha. Kwa mwendo wa 0.1 na ncha ya 0.4 unapata milimita 0.003, uso ambao kidole hakioni kitu. Ongeza mwendo uwe 0.2, kimo kinakuwa mara nne. Sasa mtu atasema, basi nifanye ncha iwe ya milimita 2. Kwenye mashine nyepesi ncha kubwa inaanza kutetemesha kila kitu, unasikia mlio, na uso unatoka na mawimbi. Baki kwenye 0.4.

Halafu jiwe la mkono, hatua ambayo naona huifanyi kabisa, kwa sababu hukuitaja. Grainda inaacha makali yenye meno madogo na utando wa chuma uliojikunja juu yake. Utando huo unakata vizuri pasi ya kwanza, kisha unavunjika. Ubapa wa almasi wa 600, mdogo kama kiberiti, unatosha; vinginevyo jiwe la mafuta. Almasi kwa mkono haina shida na chuma kwa sababu hakuna joto. Na hapa mviringo wa jiwe la grainda unakusaidia: jiwe la milimita 150 linaacha shimo jepesi kwenye shavu la kisu, kama 0.1 tu kwa kisu cha kimo chako, lakini linatosha ubapa ukalie mistari miwili, chini kabisa na juu kwenye makali. Ukiusikia umetulia kwenye mistari hiyo, huwezi kukosea pembe. Sugua mara chache, angalia. Utaona mkanda mwembamba unaong'aa umejitokeza juu na mwingine chini. Ule wa juu ukifika kwenye makali kwa urefu wake wote bila kukatika, pitisha ubapa juu ya kisu mara mbili tatu, ukiwa umelala bapa kabisa, kuondoa utando. Usiuinue hata kidogo, utakuwa umeyafuta makali uliyoyatafuta. Rudi kwenye mwanga: ule uzi mweupe haupo. Kisu cha namna hiyo unakirudishia makali kwa ubapa tu, mara nyingi, kabla ya kuigusa grainda tena.

Jambo jingine la kuangalia si kisu, ni chuma. Wengi wetu tunakereza chakavu. Shafti ya gurudumu la gari huwa imeimarishwa ugumu ngozi yake ya nje, na nondo haitabiriki, mara laini mara ngumu. Kabla ya kufunga kipande usichokijua, pitisha tupa nzuri. Ikiteleza bila kung'ata, haispidi yako itafia hapo.

Na hapo ndipo kabaidi ina nafasi yake: ngozi ngumu, chuma cha kusubu chenye mchanga usoni, kazi nyingi za aina moja. Kwa pini zako sikushauri kuanza nayo. Vile vya bei nafuu vyenye kipande cha kabaidi kilichochomelewa kwa shaba huja bila kunolewa vizuri, na kuvinoa unahitaji jiwe la kijani la silikoni kabaidi au la almasi, pamoja na barakoa, kwa sababu vumbi lake lina kobalti na si la kuvuta. Navyo usivichovye majini vikiwa vya moto, vinapasuka. Vya kubadilisha vipande ni bora, ila vipande vya kawaida vina makali yaliyolainishwa makusudi kwa ajili ya mashine zenye nguvu na kasi; kwenye mashine ya mezani vinasukuma chuma badala ya kukikata. Ukitaka kununua, tafuta vya alama ya CCGT, vilivyosagwa vikali kwa ajili ya aluminiamu. Vinakata hata chuma laini kwa wepesi, mradi usivigonge. Lakini kimo cha senta kikiwa kibovu, vitakusumbua vilevile, na kwa bei kubwa zaidi.

Umetaja bushi. Zikiwa za shaba njano, usitumie kisu ulichonolea chuma. Ule mteremko wa juu unakivuta kisu ndani ya shaba, kinajichimbia, na kwenye mashine ndogo kinaweza kuing'oa kazi kwenye chaki. Huna haja ya kuchonga kisu kipya. Chukua ubapa wa almasi, uulaze juu ya makali sambamba na kioo, na usugue mpaka utokee ukanda bapa wa robo milimita hivi juu yake, kuzunguka hadi kwenye ncha. Mteremko umekuwa sifuri pale panapokata, na shaba itatoka kama unga wa vipande vifupi. Pasi za mwisho za ndani ya tundu zipime kwa pini yenyewe, si kwa kalipa.